Bi Mwaija wa Kwenye Ndoo

Ngedere wa Mazingara, huku kwetu Handeni, adabu hawana, ila masikio wanayo. Hilo Zamda alikuja kuligundua baada ya kuhangaika miezi saba.

Alianza na sauti ya mbwa. Akaitia kwenye spika, spika akaitia kwenye ndoo tupu ya rangi, ndoo akaipandisha kwenye mti katikati ya mahindi, na kipande cha sola juu yake kama kofia. Siku ya kwanza ngedere wakakimbia. Siku ya pili wakasimama kusikiliza. Siku ya tatu mmoja akapanda juu ya ile ndoo, akakaa, akala hindi lake taratibu huku mbwa anabweka chini ya makalio yake. Zamda akabadilisha, akaweka simba. Simba ndio kabisa. Walikuja na watoto.

Sasa siku moja akawa uani anajaribu kinasa sauti, mara jirani yao Bi Mwaija akamkuta mbuzi wa watu anatafuna kanga yake kwenye kamba. Bi Mwaija alisema. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kizigua, akarudi kwenye Kiswahili kumalizia yaliyobaki. Alianza na mbuzi, akaenda kwa mwenye mbuzi, akafika mpaka kwa babu wa mwenye mbuzi ambaye alishafariki zamani na hakuwahi hata kufuga. Zamda alipokuja kuisikiliza ile rekodi peke yake, alijikuta amesimama wima anaomba msamaha.

Akaitia kwenye ndoo. Kesho yake dume la ngedere likaingia shambani linatembea kama mwenye hati ya ardhi. Jicho la mashine, lile la kuhisi kinachopita, likaliona, na ndoo ikafoka: "We! Huna haya we? Kwenu hamlimi?"

Ngedere yule alidondosha hindi, akajikwaa kwenye mkia wake mwenyewe, akapotelea porini. Na hawakuzoea, kwa sababu Bi Mwaija alikubali kurekodiwa masaa manne mfululizo na hakurudia neno. Kila ngedere akija anakuta kashfa mpya.

"Lakini useme ni mimi," Bi Mwaija akamwambia. "Isije ikafika Dodoma wakasema ni sauti ya mashine."

Basi ndiyo ikawa kampuni. Zamda aliisajili kwa jina la Ngedere Kwaheri. Ofisi yake ilikuwa stoo ya baba yake, Mzee Rehani, nyuma ya nyumba, na humo ndimo alimokuwa na nyaya zake, betri zake na ndoo kumi na moja. Tatizo ni kwamba Mzee Rehani alikuwa anaitaka ile stoo. Alishanunua vifaranga arobaini, vikakua, na kwa kukosa banda vikahamia barazani. Mgeni akija anakaribishwa kiti, akitaka kukaa anakuta kiti kina mtu wake.

"Nakupa mpaka mavuno," Mzee Rehani alimwambia. "Hiyo ruzuku yako ya serikali ukiipata, stoo yako. Usipoipata, stoo ya kuku, na wewe unaenda Hale kwa shangazi yako kukaanga mihogo."

"Sawa, baba."

"Na hebu nieleze tena. Serikali wakupe hela, halafu usirudishe?"

"Ni ruzuku ya utafiti, baba. Kwa biashara ndogo za teknolojia. Hairudishwi."

"Kwani wewe ni mkwe wao?"

Zamda kwa kawaida hakuwa mtu wa kujibu. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, fundi umeme wa kusomea, mikono yake inajua kila kitu, lakini ulimi wake mbele za watu ulikuwa unaingia ndani kama kobe. Ndiyo maana hata ile mashine aliipenda. Ilikuwa inasema kwa niaba yake.

Hatua ya kwanza ya maombi alipita. Fomu ilimuuliza ana wafanyakazi wangapi, akaandika mmoja na nusu, na watu wa mfuko wa ruzuku hawakuuliza nusu ni nani. Hatua ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Walitaka ushahidi. Alime vishamba viwili vya mahindi, mbegu moja, siku moja, udongo mmoja. Shamba A liwe na mashine. Shamba B lisiwe na kitu chochote. Mahindi yakibeba, zihesabiwe wiki sita, halafu wataalamu waje waangalie tofauti. Na katika hizo wiki sita mwenyewe anatakiwa Korogwe mjini, kwenye mafunzo ya kuandika ripoti.

Kabla ya kuondoka ikabidi aende kwenye mkutano wa kitongoji kuomba. Alisimama, akaangalia vidole vyake vya miguu, akavieleza vidole vizuri kabisa.

"Shamba A lina ndoo. Shamba B halina kitu. Naomba sana, Shamba B mliache tu. Ngedere wakija, waje."

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sufiani, akakuna kidevu. "Waje?"

"Waje."

"Wale?"

"Wale, mzee. Wakimaliza ndiyo vizuri zaidi."

Mtu mmoja akakohoa. Watu wakaangaliana, wakamwangalia Mzee Rehani kwa huruma, halafu wote wakasema sawa, tumekuelewa, safari njema. Watu wa Mazingara wakikubali jambo haraka hivyo, uogope. Ila Zamda alikuwa na furaha kwamba amesema mbele za watu na hajafa, hakuwaza.

Korogwe alikaa kwa mama yake mdogo. Mchana anajifunza kuandika ripoti, jioni ndoo inamtumia ujumbe kwenye simu: leo nimefoka mara nne, saa fulani na saa fulani. Leo mara mbili. Ijumaa ya mwisho ilileta ujumbe wa ajabu, mara tisa, zote kati ya saa saba na saa nane mchana. Zamda akashangaa, akaziandika kwenye ripoti yake. Akipiga simu nyumbani, baba yake anamwambia neno moja tu: "Shamba zima, mwanangu. We soma."

Zamda akadhani anaongelea A.

Jumatatu wataalamu wakampitia Korogwe na gari lao. Walikuwa wawili. Mmoja Daktari Filomena, mama mmoja mkavu mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye alionekana hajawahi kucheka kazini. Mwingine kijana anaitwa Clinton, wa kupiga picha, ametoka Dar na viatu vyeupe.

"Dada Zamda, usipaniki," Clinton alisema njia nzima. "Leo tunapiga picha mbili tatu, tunasepa. Shamba moja zima, moja limeliwa, mchezo umeisha."

Zamda akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anawaza ile stoo, na mihogo ya Hale.

Walipofika walikuta kitongoji kizima kimesimama kando ya shamba, kimevaa nguo za Idi. Bi Mwaija alikuwa mbele, amejifunga kanga mpya.

"Shikamoo baba," Zamda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni wageni."

Ndipo Zamda akageuza macho akaona Shamba B.

Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko mashamba yote aliyowahi kuyaona tangu azaliwe. Mahindi yamesimama kama askari wa gwaride, hakuna jani lililoanguka, hakuna magugu. Lilikuwa limepaliliwa. Lilikuwa limefagiliwa! Katikati ya mistari kulikuwa na alama za ufagio, na pembeni walipanga mawe wakayapaka chokaa.

Daktari Filomena akasoma karatasi yake. "Hili ndilo Shamba A?"

Zamda akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Hili ni B, mama," Mwenyekiti Sufiani akajibu kwa fahari. "A ni lile kule lenye ndoo. Na lenyewe zima. Yote mazima! Mazingara hatuna shamba la aibu."

Daktari akaangalia A. Akaangalia B. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Halafu akaandika kitu kifupi sana. Zamda alikiona kutoka pembeni. Kilikuwa ni "Hakuna tofauti."

Clinton yeye alikuwa ameingia ndani ya Shamba B kupiga picha. Akashika hindi moja ili alisogeze kwenye mwanga, likabaki mkononi. Akaliangalia. Lilikuwa na kamba ya katani.

"Dokta," akaita. "Hili limefungwa."

"Limefungwaje?"

"Limefungwa kamba. Na hili. Na hili pia. Huu mstari wote umefungwa, Dokta. Hili la njano limefungwa kwenye bua la mahindi meupe." Akasogea hatua mbili, akafunua maganda ya jingine. Akalinusa. "Dokta, hili limechomwa."

"Limechomwa nini?"

"Limechomwa. Kwenye mkaa. Lina ndimu na pilipili."

Watu wote wakamgeukia mzee mmoja wa kitongoji, Mzee Sadala, ambaye akaangalia mbinguni. Mwenyekiti Sufiani akapiga hatua mbele.

"Jua la Handeni hilo, mama," akasema. "Acha tu."

"Jua linatia pilipili?"

"Msimu huu limezidi."

Clinton akaamua kurudi, lakini badala ya kufuata njia ya mawe akakatisha kupitia Shamba A. Jicho la mashine likamwona.

"WE! Umekuja na miguu yako kwenye shamba la watu, mama yako anajua? Umelima lini wewe? Toka! Toka nisije nikakutaja ukoo!"

Clinton aliruka. Kiatu kimoja kikabaki A, yeye akatokea B amekumbatia bua, na mahindi matatu ya kufunga yakamdondokea kichwani.

"Hapo nilikuwa na mafua," Bi Mwaija akamweleza Daktari kwa unyenyekevu. "Ungenisikia siku nikiwa mzima."

Watu wakacheka, ila Zamda hakucheka. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya jiwe la chokaa, machozi yanamlenga. Wiki sita. Yote yameisha kwa ufagio.

"Baba," akasema, na safari hii sauti ilitoka. "Niliomba mliache!"

Mzee Rehani akamsogelea. "Tuliache vipi, mwanangu? Mtihani si mtihani? Serikali wanakuja kukagua shamba la mtoto wangu, wanakuta limeliwa, si umefeli? Tulikaa hapa siku ileile ulipoondoka. Tukasema huyu mtoto ana haya, kwenye A anaweka ulinzi, kwenye B anaona aibu kutuomba sisi. Basi sisi tutalinda B."

"Lilitakiwa lifeli, baba! B likifeli ndiyo mimi nafaulu!"

Kitongoji kizima kikawa kinajaribu kulimeza hilo. Mzee Rehani akamgeukia Daktari Filomena. "Mama, hii ni kweli? Mtihani mtu anafaulu kwa kushindwa?"

"Kwa upande mmoja, mzee."

"Sasa mbona mambo ya serikali hamyaandiki kwa herufi kubwa?"

Daktari akafunga jalada lake. "Mimi nasikitika, binti. Sina cha kulinganisha. Shamba la pili lilikuwa na walinzi. Nani anajua walilinda kiasi gani?"

"Nani anajua?" Mwenyekiti Sufiani akaona ametukanwa. "Sisi tunajua! Mama, sisi si wahuni. Zamu zote zimeandikwa." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari la shule. Maana pale Mazingara kazi ya pamoja haiendi bila daftari. Mtu asipoandikwa, baadaye atasema alikuwepo, na asiyekuwepo lazima apigwe faini ya kuku.

Daktari alilipokea kwa adabu tu, kama mtu anayepewa mtoto wa jirani amshike. Akafunua ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili. Akarudi wa kwanza. Akakaa chini kwenye jiwe la chokaa na sketi yake nyeusi.

Kila siku ilikuwepo. Asubuhi watu wawili, mchana watu wawili, majina, ngedere wangapi wamekuja, wameingilia upande gani, wametoka saa ngapi. Kulikuwa na sehemu ya maoni pia. "Sadala alisinzia." "Sadala alisinzia tena." "Ngedere mmoja ana alama usoni, huyu ndiye kiongozi, tumemwita Mheshimiwa."

"Huyu Rehani ni nani?" Daktari akauliza. "Yupo zamu hamsini na tatu."

Zamda akainua kichwa. Mzee Rehani akaanza kuangalia vidole vya miguu yake. Kumbe hiyo tabia ilikuwa ya ukoo.

"Baba? Si ulikuwa unataka stoo ya kuku?"

"Kuku wamezoea baraza," Mzee Rehani akanung'unika. "Sitaki maneno."

Daktari alifika ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti: "Ijumaa. Saa saba mpaka saa nane hakuna mtu. Wanaume msikitini, kina mama kwa Sadala wanapika pilau ya hitima. Mistari mitatu imeliwa. Tusimwambie mtu." Akanyanyua macho. "Ndiyo hii mistari ya kamba?"

"Kila nyumba ilichanga hindi," Mwenyekiti akakiri. "Sadala akachanga alilokuwa nalo mkononi."

"Saa saba mpaka saa nane," Daktari akarudia polepole. "Ijumaa."

Na hapo Zamda akasimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Alishatoa simu mfukoni, akamwonyesha Daktari ule ujumbe wa ndoo.

"Mara tisa, Dokta! Ijumaa hiyohiyo, saa hiyohiyo! Walianza kwa A. Walijaribu mara tisa, ndoo ikawafukuza mara tisa, hawakuchukua hata punje. Ndiyo wakahamia B ambako hakukuwa na mtu, wakala mistari mitatu. Utafiti umefanyika, Dokta. Umefanyika saa moja tu, lakini umefanyika!" Akavuta pumzi. "Na siku nyingine zote, ili B lifanane na A, imebidi watu wanne kila siku, na Sadala."

Alikuwa amesema maneno mengi kuliko ya mwaka mzima. Bi Mwaija alimshika bega kama mwalimu aliyemwona mwanafunzi wake amefika.

Daktari Filomena akahesabu mistari iliyofungwa kamba, mwenyewe, hindi kwa hindi. Akaenda A akahesabu, akafokewa, akaendelea kuhesabu. Aliporudi alikuwa anauma mdomo wa chini, na mabega yanamtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza Clinton kumwona hivyo, akadhani bosi anaumwa.

Akaliomba daftari aondoke nalo. Mwenyekiti alikubali kwa sharti lirudi, maana kuna watu watatu hawajalipa faini zao.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Ruzuku amepata. Mzee Rehani akaisoma barazani mara mbili, amesimama, kwa sababu viti vyote vilikuwa na kuku. Halafu akafika chini kwenye masharti, akaita: "Zamda! Njoo uone hawa watu!"

Sharti lilikuwa moja. Jaribio lirudiwe msimu mzima, na Shamba B liwekwe mahali ambapo mtafiti hana ndugu, jirani wala mtu yeyote wa kumwonea huruma.

Walikaa kikao. Handeni yote ikaonekana haifai. Kila kijiji walichokitaja, mtu anakumbuka shangazi. Hale nako shangazi. Mwisho wakakubaliana Bungu, kule juu milimani, wanakosema Kishambaa, ambako hakuna aliyewahi kumsikia Zamda wala Mzee Rehani. Zamda akapanda mwenyewe, akakodi kipande cha shamba kwa mama mmoja anaitwa Mama Ernesti, akapanda mahindi, akaweka kibao: HAPA PAACHWE KAMA PALIVYO. Hakusalimiana na watu zaidi ya lazima. Chai alikaribishwa, akakataa, ingawa ilimuuma. Akashuka zake.

Mwezi wa tatu akarudi kuangalia. Kwenye ukungu aliona mahindi yamesimama, majani yanang'aa, na katikati yake kuna mtu ameshika fimbo, amejifunika kitenge mpaka kichwani.

"Shikamoo," Zamda akasema.

"Marahaba, mwanangu! Ndiyo unakuja leo?" Alikuwa Mama Ernesti. "Pole sana. Tulikaa kanisani tukasema, yule binti hana ndugu huku, hana mtu, hata chai hakunywa, ameandika kibao cha uchungu namna ile. Tukaona si vizuri. Tumegawana siku." Akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa daftari.

Zamda alilipokea kwa mikono miwili. Akakaa chini palepale kwenye umande, akafungua ukurasa wa kwanza, akatoa kalamu.

"Ijumaa mnalinda?" akauliza.

"Ijumaa tunalinda vizuri sana, mwanangu."

"Na Jumapili je, saa za ibada?"

Mama Ernesti akasita, akaangalia pembeni, ambako mistari miwili ya mwisho ilikuwa na mahindi makubwa kidogo kuliko mengine, kila hindi na kamba yake.